Mtu anaishiwa nguvu miezi nenda rudi, nyie mnachoma vitamini tu?

Wanajamvi, salamu baadaye. Mods msiunganishe uzi huu na ule wa sukari, maana kuchanganya kila ganzi na sukari ndiko kulikotufikisha hapa.

Dada yangu alianza na ganzi vidoleni. Ikapanda. Baadaye akawa hawezi kuinuka kitini bila kushikwa, wala kuinua mikono kujisuka. Kila hospitali wimbo uleule: pima sukari (iko sawa), piga picha ya mgongo, choma vitamini B, rudi mwezi ujao. Mmoja akasema eti ni mawazo. Mawazo gani yanamdondosha mtu sufuria mkononi?

Kinachoniuma, katika wote hao hakuna aliyemgonga goti kwa kile kinyundo cha mpira. Hakuna! Mpaka tulipofika kwa daktari wa neva, ndiye aligonga magoti, viwiko, visigino: kimya, hakuna kilichoruka. Akasema udhaifu unaopanda zaidi ya miezi miwili, pande zote mbili, mapaja na mabega yakiwemo, halafu goti halirushi, lazima ufikirie ugonjwa wa neva uitwao CIDP. Kinga ya mwili inaishambulia ala inayofunika neva, taarifa hazipiti sawasawa. Ugonjwa wa Guillain-Barré ni wa ukoo huohuo, ila wenyewe hufika kileleni ndani ya wiki 4, CIDP unanyemelea. Kipimo cha umeme wa neva kikathibitisha, na maji ya uti wa mgongo yakaonyesha protini imepanda huku chembe nyeupe ziko kawaida.

Sasa sikieni kichekesho. Moja ya dawa za kuanzia ni prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza kinga ya mwili! Vidonge vya bei chee, vimejaa maduka ya dawa. (Msikimbilie kujinunulia, vinapandisha sukari na presha, na haviachwi ghafla.) Dawa nyingine, imunoglobulini (kingamwili) ya kuchomwa mshipani, ndiyo shughuli: gramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi ya kwanza, inatokana na plazma ya maelfu ya wachangiaji, bei ukitajiwa unatafuta pa kukaa. Bima wakajibu haimo kwenye orodha. Basi.

Neva ikiachwa muda mrefu, uzi wake wa ndani nao hufa, na hapo dawa hairudishi vyote. Dada anainuka mwenyewe sasa, lakini mguu mmoja bado unaburuza.

Madaktari mliomo humu, nijibuni: vile vinyundo mlivyonunua chuoni mmeviweka wapi? Na asije mtu PM na namba ya mganga, leo nitamjibu vibaya.