Sikio la mtoto linauma usiku huu, hospitali ni asubuhi. Nimtulize vipi?

MamaWawili_Tabata
Wakuu, habari za usiku. Mwanangu ana miaka miwili na nusu, kilo 12 kwa mujibu wa kadi ya kliniki. Mafua leo siku ya nne. Tangu jioni analia huku ameshika sikio la kulia, na nikimlaza ndiyo kilio kinazidi. Joto 38.3 kwapani. Sikio halitoi kitu. Saa mbili nilimpa nusu kijiko cha chai cha parasetamoli ya maji, naona haijafanya kazi. Sasa hivi saa sita na robo. Jirani ameniletea mafuta ya nazi nipashe moto nimdondoshee, na kwenye friji kuna amoksilini ya maji ya kaka yake, ilibaki mwezi uliopita. Nianze na kipi? Asubuhi nitampeleka, kazi ni kuuvuka usiku huu.

KauntaYaDawa
Pole sana dada. Mafuta na amoksilini viweke kando kwanza, anza na hiyo parasetamoli, maana dozi ndiyo imekosewa.

Angalia kibandiko cha chupa. Nyingi za hapa zimeandikwa 120 mg kwa ml 5, ila zipo za 250 mg kwa ml 5, na zipo za matone za watoto wachanga ambazo ni kali zaidi kwa kila ml. Dozi ni 15 mg kwa kila kilo ya uzito. Kilo 12 ni 180 mg. Kama chupa yako ni ya 120, hiyo ni ml 7.5. Wewe umempa ml 2.5, yaani 60 mg, theluthi ya anachohitaji. Mtoto wa kilo 12 hatulii kwa dozi hiyo.

Zimeshapita saa 4 tangu saa mbili, kwa hiyo unaweza kumpa ml 7.5 sasa hivi. Usizidishe eti ufidie ile ya mwanzo. Inayofuata iwe baada ya saa 4 hadi 6, na ndani ya saa 24 zisizidi dozi 4. Pima kwa sirinji isiyo na sindano au kile kikombe kinachokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba ml 3, kingine 6. Ingiza pembeni mwa shavu kidogo kidogo. Ukimimina katikati ya ulimi atatapika. Akitapika yote papo hapo, rudia. Ikishapita nusu saa usirudie.

Swali: kuna dawa yoyote ya mafua umempa leo? Nyingi za mchanganyiko zina parasetamoli ndani, na hapo ndipo watu wanapozidisha bila kujua.

MamaWawili_Tabata
Chupa ni ya 120. Dawa ya mafua sijampa, nilimpa asali na maji ya vuguvugu tu. Nampa ml 7.5 sasa.

NesiZamuYaUsiku
Sawa. Itachukua dakika 30 hadi saa nzima kuanza kufanya kazi, usiikatie tamaa dakika ya kumi.

Wakati unasubiri, usimlaze chali. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye mrija unaoshukia nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala karibu usawa, mafua yakija unavimba na kuziba, majimaji yanabaki ndani na kusukuma kiwambo. Akilala bapa msukumo unaongezeka, ndiyo maana kilio kinazidi ukimweka kitandani. Mbebe wima begani, au mlaze kichwa na mabega vikiwa juu kwa mito miwili, sikio linalouma likitazama juu. (Hiyo mito ni kwa umri wa wako. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hawekewi mto, huyo anabebwa.)

Chukua taulo dogo au kipande cha khanga, chovya maji ya vuguvugu, kamua mpaka kisidondoshe, jaribu kwanza ndani ya kifundo chako cha mkono. Kama hapo hapakuunguzi, mwekee juu ya sikio dakika 10, toa, rudia baada ya muda. Asipopenda joto, jaribu kitambaa cha baridi; wengine hutulizwa na hicho. Chupa ya maji ya moto hapana. Mtoto akisinzia juu yake anaungua ngozi.

Pua nayo ifungue. Chemsha maji, pima kikombe kimoja cha ml 250, tia chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, yaache yapoe kabisa. Matone 2 au 3 kila tundu, subiri dakika moja, futa au vuta kamasi. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo pia, maana kila akimeza ule mrija unafunguka kidogo.

Mzee_wa_Tiba_Asili
Mimi namshauri kitunguu saumu. Ponda punje mbili, kamua, changanya na mafuta ya nazi ya moto kiasi, matone matatu. Wazee wetu walitumia hiyo na masikio yao mazima.

NesiZamuYaUsiku
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo nakukatalia. Maradhi yako nyuma ya kiwambo. Kiwambo kikiwa kizima, tone halivuki kwenda upande wa pili, liwe la saumu au la nazi. Kikiwa kimetoboka linavuka, na hapo linaingia mahali pasipotakiwa kuingia kitu. Juisi ya saumu mbichi inaunguza ngozi, na ngozi ya ndani ya sikio ni nyembamba sana. Asubuhi daktari akimulika anakuta wekundu na mafuta, hajui upi ni ugonjwa na upi ni dawa ya jirani. Maziwa ya mama, mkojo na haidrojeni peroksaidi ni vivyo hivyo.

Mafuta ya vuguvugu yana kazi moja ninayoikubali: mende au mdudu akiingia sikioni akawa anatapatapa. Matone machache ya mafuta ya kula yanamuua, kisha kituo cha afya wanamtoa. Hata hapo, si kwa sikio linalotoa usaha. Punje ya harage au mahindi ikiingia usiweke maji, itavimba na kukaza. Betri ndogo ya saa ikiingia usisubiri asubuhi.

Mzee_wa_Tiba_Asili
Marahaba. Ya mende nimekuelewa. Saumu nitaendelea kuila kwenye pilau.

Baba_Junior_Mbagala
Parasetamoli ikigoma si anaweza kuongeza ibuprofeni? Naona inauzwa kila duka la dawa.

KauntaYaDawa
Kwa maumivu ya sikio ibuprofeni ni nzuri. Ya maji ni 100 mg kwa ml 5, dozi 10 mg kwa kilo, kwa hiyo huyu wa kilo 12 ni 120 mg sawa na ml 6, kila baada ya saa 6 hadi 8, zisizidi 3 kwa siku, na awe amekula chochote. Asipewe akiwa anaharisha au anatapika sana na amekauka maji, figo zinaumia. Mwenye pumu aulize kwanza.

Ila hapa Dar nina tahadhari nyingine. Mji huu umepata milipuko ya dengi, mikubwa ilikuwa 2014 na 2019. Homa ikiwa ya dengi, ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinaongeza hatari ya kutoka damu. Mtoto mwenye mafua ya wazi na sikio moja linalouma hafanani sana na dengi, lakini homa ikiwa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinauma au ana vipele, baki na parasetamoli peke yake mpaka apimwe. Aspirini kwa mtoto hapana, hata bila dengi.

Na ile amoksilini: ikishachanganywa na maji hudumu siku chache tu, kwa kawaida 7, hata kwenye friji. Ya mwezi uliopita imwagwe. Hata ingekuwa mpya, haiondoi maumivu usiku wa kwanza. Dada, kwa umri wake na homa hii huenda daktari akaandika antibayotiki kesho. Ikiandikwa itapimwa kwa uzito, itaenda siku 5 hadi 10, na imalizwe hata akiamka anacheza siku ya pili. Masikio mengi ya watoto wakubwa kidogo yasiyo na homa kali hupoa yenyewe ndani ya siku 2 au 3, ndiyo maana wakati mwingine unarudishwa nyumbani na parasetamoli tu. Usione umedharauliwa.

MamaWawili_Tabata
Saa saba na dakika tano, amelala begani. Asanteni. Sasa nijue, kipi kikitokea nisisubiri asubuhi?

NesiZamuYaUsiku
Uvimbe au wekundu unaouma nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele kuliko lingine: hapo maradhi yamefika kwenye mfupa, toka usiku huo huo. Shingo ngumu, degedege, uso kupinda upande mmoja, anayumba akisimama, amelegea kuliko kawaida, anatapika kila kitu au hawezi kunywa: toka. Mtoto wa chini ya miezi 6 mwenye homa na sikio naye hasubiri. Kwa Tabata, hospitali ya Amana ndiyo ya karibu na dharura yao ni saa 24. Mwananyamala na Temeke kwa walio upande ule. Mkifika pia waombeni kipimo cha malaria, sikio kuuma hakuzuii malaria kuwepo.

Jambo moja linadanganya wazazi. Sikio likipasuka, maumivu yanakatika ghafla, mtoto analala fofofo, asubuhi mto una usaha. Watu husema amepona. Hajapona, kiwambo kimetoboka, na sikio hilo linahitaji kuonwa na kukaushwa. Chukua kitambaa safi cha pamba au tishu ngumu isiyochanika, sokota kiwe utambi, ingiza taratibu mpaka mlangoni mwa tundu, kikilowa toa, weka kingine, endelea mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Tambi hizo tupa, mikono nawa. Usitumie njiti ya kibiriti wala zile za pamba, na usimwachie pamba ndani, unyevu ukifungiwa unazidi kuoza. Ukimwogesha, pamba yenye vaselini iwe mlangoni mwa sikio, mkimaliza itoe. Matone ya dukani usinunue kwa kubahatisha: ya jentamaisini kwenye kiwambo kilichotoboka yanaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Usaha ukifika siku 14 ni tatizo sugu, aombewe rufaa ya koo, pua na masikio. Muhimbili wanayo idara hiyo.

Kijana_Kigamboni
Samahani kudandia uzi. Mimi mtu mzima, sina mafua, nimetoka kuogelea juzi, sikio linawasha na kuuma.

KauntaYaDawa
Bonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, halafu vuta sikio lenyewe. Kama maumivu yanaruka, ni tundu la nje limeambukizwa, si sikio la kati. Hapo matone ndiyo dawa, ila baada ya mtu kumulika, kwa sababu kuwasha sana kwenye joto na unyevu wa huku mara nyingi ni fangasi, na matone ya kuua bakteria yataifuga. Usiku huu parasetamoli gramu 1 (vidonge 2 vya 500) kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Acha earphone, usichokonoe, maji yasiingie. Ukiwa na kisukari usikae nalo hata siku moja, kwa wenye sukari ugonjwa huo unaweza kula mfupa.

Baba_Junior_Mbagala
Mtoto wa dada wa Tabata akipona, usikivu unarudi lini? Wa kwangu naye aliumwa, sasa nikimwita haitiki.

NesiZamuYaUsiku
Majimaji hubaki nyuma ya kiwambo wiki kadhaa baada ya maumivu kuisha, na kwa kipindi hicho anasikia kama yuko chumba cha pili. Ongea naye uso kwa uso, zima redio, mwalimu wake amweke mbele. Ikifika miezi 3 bado haitiki, apimwe usikivu. Kama maneno yake yanachelewa au yanarudi nyuma, mpeleke sasa.