Moyo bado unadunda, daktari anasema amekufa: utolewe?

MTOA MADA: Wakuu, juzi msibani Temeke watu nusura wakunjane mashati kwa swali hili. Kijana kapata ajali ya bodaboda, yuko ICU, mashine inampumulia. Madaktari wamepima, ubongo wote umekufa. Ila ukiweka kiganja kifuani, moyo unadunda na mwili una joto. Ni haki utolewe apewe mgonjwa mwingine?

Mimi nasema ni haki. Moyo una chanzo chake cha umeme, haungoji amri ya ubongo. Ukipata oksijeni ya mashine unaendelea. Zima mashine, utasimama muda si mrefu. Na ukishatolewa hausubiri kikao cha ukoo: ndani ya saa 4 hivi uwe umeshashonwa kwa mwingine.

Cape Town, Desemba 1967, daktari mpasuaji Christiaan Barnard alimpandikizia mgonjwa wake Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, binti wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Baba yake alikubali, ilhali ajali hiyohiyo ilishamwondolea mke. Washkansky aliishi siku 18, nimonia ikamchukua, maana dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilishusha kinga yake.

BI MKUBWA TANDIKA: Mwanangu, maelezo yako sawa, ila mama wa huyo kijana kashika kifua cha mwanawe, kinadunda, nawe unamletea karatasi asaini? Ningekutoa mbio.

MZEE WA GEREZANI: Hadithi ya Barnard imalizie. Januari 1968 Philip Blaiberg, Mzungu, aliwekewa moyo wa Clive Haupt, chotara, akaishi zaidi ya mwaka na nusu. Enzi za ubaguzi hizo! Moyo uliruhusiwa kifuani mwa Mzungu, mwenyewe asingeruhusiwa hata kukaa naye benchi moja. Huku kwetu atatoa dereva wa boda, atapewa tajiri wa Masaki.

NESI WA ZAMU: Nyie mnapigania kupandikiza, sisi tunapokea watoto ambao valvu za moyo, vile vilango vya kupitisha damu, zimeharibika kwa mafindofindo yaliyoachwa bila penisilini. Dawa ya bei ya chini kabisa.

MTOA MADA: Nesi, fungua uzi wako, nitakuja kukuunga mkono. Mzee, umenibana. Basi sheria itamke kwamba anayethibitisha kifo asiwe yule anayepandikiza, na foleni isiangalie mfuko. Bi Mkubwa, shikamoo. Ndiyo maana nataka mtu aseme mwenyewe angali mzima, mama asiulizwe ICU.

BI MKUBWA TANDIKA: Marahaba. Wanangu nimeshawaambia: macho wachukue, moyo waniachie. Na usiniulize kwa nini.