Je, ni kweli kwamba milima huzuia tonado?

Swali: Mkazi wa bondeni, Kentucky, Marekani

Ndugu zangu, familia yangu ilikuwa ikiishi Bowling Green usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, tonado ilipopita mjini na kuua watu zaidi ya kumi. Sasa tumehamia mashariki ya Kentucky, kwenye bonde jembamba lenye vilima pande zote mbili. Jirani yetu, mzee aliyezaliwa hapa, anatuambia tulale bila hofu, kwa kuwa kisulisuli cha namna ile hakivuki milima, na mama yangu ameyapokea maneno hayo kama dawa. Mimi sijatulia, hasa kwa sababu king'ora cha mjini nakisikia kwa shida sana tukiwa ndani. Je, mzee huyu anasema kweli?

Jibu: Mwalimu wa jiografia

Dada, poleni kwa yaliyowapata. Imani hiyo ni ya zamani, na imeshakanushwa kwa uchungu. Mjini Topeka, Kansas, wengi waliamini kwamba kilima cha Burnett's Mound kiliulinda mji, mpaka tarehe 8 Juni 1966, tonado ya daraja la F5, yaani la nguvu za juu kabisa, ilipopita juu ya kilima hichohicho na kuteremkia mjini. Huko West Virginia, ambako ni milima mitupu, tonado ya Shinnston ya tarehe 23 Juni 1944 iliua watu zaidi ya 100.

Ni kweli kwamba milimani tonado ni chache kuliko kwenye nyanda za Kansas na Oklahoma, kwa sababu hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko haifiki huko kwa urahisi. Lakini wingu linalozaa tonado huwa na kimo cha kilomita kumi na zaidi, na mbele yake kilima cha mita 200 ni kama kizingiti cha mlango. Tena kuna nyakati ambapo ardhi yenyewe huchochea: bonde huweza kuukusanya upepo wa chini na kuugeuza uelekeo, ukahitilafiana zaidi na upepo wa juu, na hitilafu hiyo ndiyo inayolipatia wingu mzunguko. Nguzo ya hewa inayozunguka ikiteremka mlima huweza kurefuka, ikawa nyembamba na kuzunguka kwa kasi zaidi. Ikipanda hufupika na pengine kulegea. Nahisi wazee waliiona ikilegea mlimani wakadhani imekufa.

Jibu: Mwangalizi wa dhoruba, Tennessee

Naomba niongeze upande wa maonyo, kwa maana huko ndiko milima inakoumiza zaidi. Mwali wa rada, yaani mawimbi yanayochunguza mvua na upepo kwa mbali, husafiri karibu na mstari ulionyooka, ilhali dunia imepinda. Kwa hiyo kwenye umbali wa kilomita 100, hata mwali wa chini kabisa huwa umeshapaa mita 1,500 hivi, na pale mlima unapoukatiza, kilicho nyuma yake hakionekani. Kwenye nyanda, mtu aliye barabarani huiona tonado kwa mbali akapiga simu. Huku kwetu niliwahi kusimama kibarazani simu ikilia onyo mkononi, na mbele yangu sikuona ila mteremko wa misonobari na pazia la mvua. Ukingoja kuiona, umechelewa.

King'ora, dada, kimekusudiwa walio nje, na vilima huimeza sauti yake. Nunueni redio ya hali ya hewa yenye betri, lakini ijaribuni kwanza chumba kwa chumba, kwa sababu mabondeni mawimbi hayafiki kila mahali. Ujumbe wa simu kwa kawaida huja kwa Kiingereza, basi mzoesheni mama kuutambua mlio wenyewe. Tahadhari maana yake ni kwamba hali inaruhusu tonado. Onyo maana yake ni kwamba imeonekana, au rada imeona mzunguko, na hapo mnajificha papo hapo.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimejaribu usiku huu: chumbani kwa mama simu haina mtandao kabisa, jikoni inao. Nyumba yetu haina chumba cha chini ya ardhi, ila kuna bafu la katikati lisilo na dirisha.

Mwangalizi wa dhoruba

Bafu hilo linafaa. Wekeni humo tochi, viatu vya kila mmoja na kofia ngumu kama mnazo, na godoro la kujifunika liwe karibu na mlango. Redio ikae pale itakaposhika mawimbi, na sauti yake iwe ya kumwamsha mama usingizini.