Wakazi wa Ghorofa Letu, Upanga: ule mngurumo wa usiku

*Ijumaa*

Mama Salum (21:12): Majirani habari za jioni. Umeme umekatika na lile jenereta la nyuma limeshawashwa. Kichwa kinanigonga, na Salum kaamka analia. Nyie wenzangu hamlisikii?

Baba Neema (21:15): Pole mama. Dirisha langu ndilo linalolitazama, lakini nikishafunga vioo nalala. Na wale waliokuja na mashine ya kupimia kelele wiki iliyopita walipima wakasema liko ndani ya kiwango.

Mama Salum (21:16): Walipimia getini. Chumbani kwangu hawakuingia. Siongezi chumvi Baba Neema, nikiweka kichwa kwenye mto ni kama lori limeegeshwa ukutani.

Rehema (21:18): Labda presha dada, ukapime. Au bandika trei za mayai ukutani, studio za muziki wanafanya hivyo.

Mwalimu (21:24): Mama Salum, mimi nakuamini. Naomba unijibu matatu. Chumba chako kina urefu gani toka dirishani hadi ukuta wa mbele yake? Kichwa cha kitanda kiko wapi? Na ukisimama katikati ya chumba unasikia vilevile?

Mama Salum (21:25): Shikamoo Mwalimu. Ngoja nichukue futi ya Baba Salum.

Mwalimu (21:25): Marahaba mwanangu.

Mama Salum (21:37): Ni mita 3 na nusu. Kichwa cha kitanda kimegusa ukuta wa mlangoni. Halafu Mwalimu, nikisimama katikati unapungua sana! Nikirudi ukutani unarudi nao. Nimefanya mara tatu.

Mwalimu (21:39): Nilidhani itakuwa hivyo. Baba Neema, wewe ni fundi, ile injini ikoje?

Baba Neema (21:41): Dizeli, silinda nne, mizunguko 1500 kwa dakika. Ndiyo inayotoa umeme wa hezi 50.

Mwalimu (21:50): Basi tazameni. Mizunguko 1500 kwa dakika ni 25 kwa sekunde. Injini ya silinda nne hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo tunapata mipigo 50 kwa sekunde, yaani sauti ya hezi 50. Sauti kwa joto letu hili husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Gawanya kwa 50: toka mpigo mmoja hadi unaoufuata kuna mita 7 za hewa. Huo ndio urefu wa wimbi. Na chumba cha Mama Salum ni mita 3.5, nusu yake kabisa.

Rehema (21:51): Sasa hiyo nusu inafanya nini Mwalimu?

Mwalimu (22:01): Rehema, umewahi kusimama kwenye ukuta wa bahari pale Ocean Road maji yakiwa yamejaa? Wimbi linakuja, linapiga ukuta, linarudi, na njiani linakutana na mwenzake anayekuja. Kilele kikipanda juu ya kilele, maji yanaruka juu kuliko wimbi lenyewe lilivyokuwa. Kilele kikiangukia bonde, yanafutana. Ukitazama kwa utulivu utaona sehemu maji yanapanda na kushuka papo hapo, na hatua chache tu kando yametulia.

Sauti nayo ni hivyo hivyo, ila kinachojaa na kupungua ni mgandamizo wa hewa. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta huirudisha karibu yote. Chumbani kwa Mama Salum kuta mbili zinarushiana wimbi, na kwa kuwa nafasi ni nusu ya wimbi, kila linalorudi linaangukia sawasawa juu ya linalokwenda. Mgandamizo unakua kwenye kuta zote mbili, na katikati, mita 1.75, unakaribia kuisha. Mto wake uko ukutani. Analala mahali pabaya kuliko pote chumbani mle.

Baba Neema (22:03): Na mimi? Chumba changu ni 5 kwa 4.2.

Mwalimu (22:05): Hakuna upande hapo unaopatana na mita 7. Wewe jenereta unaliona kwa macho, lakini chumba chako hakilikuzi. Chake kinalikuza.

Baba Neema (22:08): Mama Salum, naomba unisamehe. Kwenye kikao nilisema unakuza mambo. Nilikosea.

Mama Salum (22:09): Yameisha kaka. Nimefurahi tu kwamba sijachanganyikiwa.

Rehema (22:10): Nisamehe na mimi dada. Kwa hiyo trei za mayai hazisaidii?

Mwalimu (22:12): Kwa hili hapana. Trei ina kina cha sentimita chache, wimbi lina mita 7. Linapita kama halijaona kitu. Mapazia na zulia vilevile. Vitu hivyo hupunguza sauti nyembamba, kama mlio wa kijiko kwenye sahani.

Idi (22:15): Shikamoo Mwalimu. Ila chumba cha Mama Salum kinatazama barabarani, jenereta liko uani. Sauti inafikaje kule?

Mwalimu (22:20): Marahaba Idi. Kwa njia mbili. Wimbi refu namna hiyo hupinda kwenye kona za jengo bila shida. Ndiyo maana muziki wa harusi ukiwa mbali mnasikia besi tu. Njia ya pili ni lile ghorofa jipya ng'ambo ya barabara. Ni ukuta mkubwa, unaturudishia sauti usoni.

Mzee Ramadhani (22:24): Hapo umenikumbusha. Tangu ghorofa lile lisimame, adhana ya alfajiri naisikia mara mbili. Ya pili inakuja nyuma kidogo. Nilimwambia imamu, akadhani ni spika.

Mwalimu (22:31): Shikamoo mzee wangu. Spika haina kosa, ni mwangwi. Juzi na wajukuu tulisimama kwenye ngazi za mbele tukapiga makofi kulielekea ghorofa lile. Tulipatanisha, kila kofi liangukie juu ya mwangwi wa kofi lililotangulia, mpaka mwangwi usisikike peke yake. Yalitoka makofi 25 kwa sekunde 10. Yaani sauti ilikwenda na kurudi kwa sekunde 0.4, mita 140 kwa safari mbili, kwa hiyo ukuta uko mita 70. Isaac Newton aliutumia mwangwi katika ua wa chuo cha Trinity kule Cambridge, ila yeye alijua umbali, akatafuta mwendo wa sauti.

Ukuta ukiwa chini ya mita 17 hivi, sikio halitenganishi mwangwi na sauti yenyewe. Unasikia tu imekuwa nzito.

Mzee Ramadhani (22:33): Marahaba. Alhamdulillahi, nitamweleza imamu kesho.

Idi (22:36): Na wale wa mashine, walidanganya?

Mwalimu (22:44): Sidhani, ila walipima kitu kingine. Mashine ile ina vipimo viwili, A na C. A imetengenezwa kufuata sikio kwa sauti za wastani, na kwenye hezi 50 inapunguza desibeli 30 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mngurumo huu kwa kipimo cha A karibu unatoweka. C inapunguza desibeli 1 tu na kidogo. Tofauti ya A na C ikiwa kubwa, ujue kuna mngurumo mzito. Pia getini wanasimama karibu na ukuta, na ukuta wenyewe unabadilisha kipimo.

Mama Salum (23:05): Nimevuta kitanda katikati na Baba Salum. Mngurumo umeondoka kichwani. Kuna kamlio kembamba kamebaki.

Mwalimu (23:09): Hako ni ka hezi 100, mwenzake mdogo. Wimbi lake ni mita 3.5, na lenyewe lina nguvu ukutani na katikati pia. Kulikwepa hilo inabidi uwe sentimita 90 hivi toka ukutani, na hapo ule mkubwa unarudi kiasi. Chagua unaloweza kulala nalo.

Mama Salum (23:11): Nachagua haka kembamba. Salum kalala tayari.

Baba Neema (23:15): Mimi kesho asubuhi nitaongea na mlinzi wa jenereta nikaikague sailensa na raba za injini. Sailensa ile naona ndogo, na kama raba zimekufa mtikisiko unaingia kwenye zege moja kwa moja.

Mwalimu (23:17): Vizuri sana. Na Idi uandike barua ya kuomba wapime upya: kipimo cha A na C vyote, chumbani kwa Mama Salum, mashine ikae pale mto ulipokuwa, kisha katikati ya chumba. Jenereta liwe linawaka.

Idi (23:18): Naandika usiku huu. Mama Salum, urefu wa chumba ni 3.5 kamili?

Mama Salum (23:20): Nitapima tena asubuhi, taa zikirudi.