Masale chini ya mwembe

*Kikundi: Familia ya Babu, Marangu*

Mama Neema (Goba): Shikamooni wakubwa. Jamani, nyuma ya nyumba chini ya mwembe nyasi zimekataa kabisa. Nimepanda mara 2, jua halifiki, zinageuka njano zinakufa. Nataka nipande masale ya nyumbani, ile mimea ya mpakani kwetu Marangu. Yatakubali Dar?

Shangazi Ndeshi: Marahaba mwanangu. Isale ni la msituni, kukaa chini ya miti mikubwa ndiyo asili yake. Hapa kihambani, shambani kwetu nyumbani, si unayaona chini ya migomba? Kivuli hakilisumbui. Jua la mchana ndilo linalobabua majani.

Elia (Moshi): Dar yapo dada. Yale ya wauza maua yenye mstari wa njano katikati ya jani ni isale hilohilo.

Mama Neema: Hayo nayajua. Mimi nataka ya kwetu, ya kijani kitupu.

Baba Mdogo: Ya kaburini kwa Babu yasiguswe. Na ya mpakani msikate ovyo, yale ndiyo hati yetu. Pakiwa na pengo, kesho watoto watagombana na jirani hawajui mstari ulipita wapi.

Shangazi Ndeshi: Kweli kabisa. Elia, kata yale ya nyuma ya banda la ng'ombe, yamerefuka mno. Panga liwe kali, usipondeponde shina. Kisiki kitachipua tena pembeni, hatupotezi kitu.

Elia: Vipande vya urefu gani?

Shangazi Ndeshi: Futi moja hivi, shina lililokomaa. Weka alama upande wa juu, maana likishakatwa huku na huku ni sawa, mtu anapanda kichwa chini. Viache kivulini siku 2 kidonda kikauke. Ukizika kibichi kwenye udongo wa maji kinaoza.

Joel (Hamburg): Shikamooni. Huku linaitwa Dracaena fragrans, linakaa kwenye chungu ndani, nje baridi ingeliua. Juzi nimelikuta ofisi moja, kona ya mbali na dirisha, limenawiri. Nilisimama pale kama nimekutana na mtu wa Marangu.

Mama Neema: 😢 Rudi likizo mwanangu.

Dada Anna (Arusha): Mama Neema, angalia maji. Yangu ncha za majani zilikauka zote, nikadhani kiu, nikazidisha kumwagilia. Kumbe ni floraidi ya maji ya huku, ileile inayotia meno rangi ya kahawia. Nilipohamia maji ya mvua, majani mapya yakatoka safi.

Mama Neema: Mimi natumia kisima, maji yana chumvi kidogo.

Dada Anna: Basi kinga ya mvua. Na mwembe unakunywa sana, hivyo udongo utakuwa mkavu hata kama kuna kivuli. Yale majani ya mwembe usifagie yote, yaache yafunike udongo. Mbwa wenu asitafune masale, yatamtapisha.

Neema: Shikamoo Bibi. Ni kweli ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe?

Shangazi Ndeshi: Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli. Ng'ombe wetu waliwahi kuingia kwenye mahindi ya jirani, wakamaliza. Hakutusalimia msimu mzima. Babu yako akalifunga fundo jani la isale, akaenda nalo alfajiri, hakusema mengi. Yule mzee alilipokea kwa mikono 2. Jioni walikunywa mbege pamoja. Ndiyo maana nasema usilipande kama pambo tu.

Neema: Asante Bibi. Nitalimwagilia mimi.

*Siku 3 baadaye*

Elia: Vipande 6, nimefunga kwenye gunia. Uzi mwekundu ndio juu. Basi la asubuhi.

Mama Neema: Nimepokea. Nimechanganya mchanga na samadi iliyooza, nimezika robo ya kila kimoja, mbali kidogo na shina la mwembe. Mungu akubariki kaka.

*Wiki 5 baadaye*

Neema: [picha] Bibi ona! Viwili vina kichipukizi pembeni. Hivi vinne bado. Nikivute kimoja nione kama kina mizizi?

Shangazi Ndeshi: Usivute! Kibonyeze kwa kidole. Kikiwa kigumu ki hai, kiache. Kikiwa laini ndio kimeoza.

Neema: Vyote vigumu.

Shangazi Ndeshi: Basi subiri, mjukuu wangu. Yakija kutoa maua meupe utayanusa usiku hadi chumbani.