Kilatini: kwa nini kitenzi kimoja kina maneno manne kwenye kamusi?

Frateri_Chipukizi

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Niko mwaka wa kwanza wa falsafa, na kinachonitoa jasho si mantiki, ni Kilatini. Tumepewa Yohane 20, pale Maria Magdalena anapomkimbilia Petro: "Tulerunt Dominum de monumento, et nescimus ubi posuerunt eum." Maana naijua, Biblia ya Kiswahili ipo. Shida tumeambiwa tutafute kila kitenzi kwenye kamusi. "Tulo" hakuna. "Posuo" hakuna. Mwenzangu akanielekeza kwa fero, nikakuta "fero, ferre, tuli, latum". Hivi ni vitenzi vinne au kimoja? Na lazima nikariri yote, au mawili ya mwanzo yanatosha?

Bwashee_Mbinga

Mimi seminari niliacha kidato cha pili, na hiyo fero ilichangia. Msubiri Mwalimu, huwa hakosi mada kama hizi.

Mwalimu_Mstaafu

Milele amina, Frateri. Ni kitenzi kimoja. Hayo ni maumbo makuu, na kamusi inakupa yote manne kwa sababu Kilatini hakina shina moja la kuegemea. Sisi ukishaishika -som- umemaliza: nasoma, nilisoma, nitasoma, kimesomwa. Mrumi anabadili shina lenyewe njiani. Usimshangae sana, maana hata wewe mtoto humwiti "kuja!", unamwita "njoo!", na mgeni akitafuta hiyo njoo kwenye kamusi atahangaika kama ulivyohangaika na "tulo".

Tuanze na umbo la tatu, ndilo lililokukwamisha. Tuli ni "nilichukua". Kata -i ya mwisho, inabaki tul-. Sasa pachika: tuli, tulisti, tulit, tulimus, tulistis, tulerunt. Viishio ni hivyohivyo kwa kila kitenzi chenye umbo hilo, hata sum ("mimi ni", kitenzi cha "kuwa") mwenye vituko vyake vyote: fui, fuisti, fuit. Ukikutana na posuerunt, ng'oa -erunt, rudisha -i, unapata posui, nalo ni la tatu la pono, ponere, posui, positum. Anayekariri mawili ya mwanzo tu atakwama kila ukurasa wa Injili, kwa kuwa Injili ni masimulizi, na masimulizi yanaishi kwenye umbo la tatu.

La kwanza ("nafundisha") na la pili ("kufundisha") usiyatenganishe. Tazama doceo, docere na lego, legere. Kwa maandishi ya kawaida yote yanaishia -ere. Kinachokuonya ni ile -eo ya doceo. Usipoiona, wakati ujao utaharibika: "nitafundisha" ni docebo, lakini "nitasoma" ni legam. Legebo haipo. Kwa capio na audio ni kinyume chake: la kwanza linakudanganya kwamba ni ndugu, mpaka uone capere na audire.

La nne ni la kutendwa: positus est, amewekwa. Vitabu vingine vinaandika positum, vingine positus. Msigombane bwenini kwa hilo, shina ni lilelile.

Mama_Kwaya

Mimi sikusoma sarufi, nimeimba tu. "Agnus Dei, qui tollis peccata mundi" naijua tangu utoto. Frateri aimbe, yataingia yenyewe.

Mwalimu_Mstaafu

Aimbe, mama, simkatazi. Lakini huyo tollis wako ni tollo, tollere, sustuli, sublatum. Sustuli utaisubiri kwaya ikuimbie mpaka lini?

Frateri_Chipukizi

Asante sana, Mwalimu. Mbona kwenye Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kuna passus, na kamusi inasema "patior, pati, passus sum"? Matatu tu. La nne limekwenda wapi?

Mwalimu_Mstaafu

Halijapotea. Patior amevaa umbo la kutendwa lakini maana yake ni ya kutenda, kuteseka. Vitenzi vya namna hiyo havina la tatu la -i, kwa hiyo passus sum inashika nafasi zote mbili. Sasa isome Nasadiki polepole: "passus et sepultus est". Sepultus ni wa sepelio, sepelire, sepelivi, sepultum, huyo kazikwa kwelikweli. Passus hakutendwa chochote kisarufi. Na wote wawili wanagawana est moja.

Kuhusu kukariri: yaseme manne kwa sauti, pumzi moja, kila siku. Wale wa kundi la kwanza, la amo, amare ("kupenda"), usipoteze muda nao, wengi ni -avi, -atum, ndiyo maana kamusi nyingi zinaandika "1" tu. Nguvu zako zipeleke kwa wakaidi: fero, tollo, pono, mitto, do (dare, dedi, datum). Kisha nenda aya ya 8, "et vidit et credidit", uniletee wote wawili.

Frateri_Chipukizi

Video, videre, vidi, visum. Credo, credere, credidi, creditum. Safari hii kamusi imenipa bila kugombana. Ila nimekwama juu kidogo, aya ya 6: "Venit ergo". Nimepata venio, venire, veni, ventum. Sasa hiyo venit ni "anakuja" au "alikuja"?

Mwalimu_Mstaafu

Kwa maandishi zinaweza kuwa zote mbili. Ven- iko kwenye la kwanza na la tatu pia. Tofauti ni urefu wa e: fupi kwa wakati uliopo, ndefu kwa uliopita, na matoleo mengi ya Biblia hayauandiki. Kwa Kigiriki Yohane alitumia wakati uliopo. Ukifika hapohapo, mtazame posita kwenye "linteamina posita", uniambie ni umbo la ngapi.