Nikitoka kupiga mbizi Diani nipande basi la Kampala jioni hiyohiyo, ni salama?

Binti_Nakawa: Habari zenu wapendwa, naomba ushauri. Wiki ijayo naenda Diani na wenzangu wa kazini, tumeshalipia kuzamia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili asubuhi, halafu jioni tunavuka Likoni tunapanda basi la kurudi Kampala. Cheti ninacho ila nimezamia mara sita tu. Nilijua ukitoka chini hupandi ndege, sasa jamaa tuliyemlipa ananiambia ndege ndo mbaya, basi halina neno. Kweli? Na nina mafua tangu juzi, nikimeza dawa ya kufungua pua naweza kushuka?

Mzee_Malaba: Mwanangu usimsikilize huyo. Mwili haujui ndege wala basi, unajua umepanda juu kiasi gani. Ukiwa chini nitrojeni inaingia kwenye damu na misuli na inataka muda itoke polepole, ukipanda juu mapema inatoka kama soda iliyofunguliwa. Ndani ya ndege hewa wanaiweka isiwe nyepesi kuzidi ile ya mlimani mita 2,400 hivi, sasa basi lenu likipita Timboroa mko juu ya 2,500! Ukizamia siku kadhaa mfululizo ngoja saa 18 angalau, mi nangoja 24.

Arua_Boy: Dada mimi yalinikuta. Tumepita Nakuru usiku, bega la kulia likaanza kuuma kwa ndani kabisa, nakanda wapi, baadae vidole vikafa ganzi, nikameza panadol nikalala nikidhani ni kubeba mitungi. Kufika hospitali sikusema nilizamia, nikapewa dawa ya misuli nikarudi nyumbani na ganzi yangu wiki nzima. Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu sema MAPEMA kwamba umetoka kuzamia, na uombe oksijeni.

MamaTendo: Na mafua je? Mi ile dawa ya pua ilinidanganya. Kushuka nilishuka vizuri, ikaisha nguvu nikiwa mita 14, wakati wa kupanda hewa ikagoma kutoka sikioni, nimefika juu maski ina damu. Mafua hayajaisha usiingie, hela itarudi sikio halirudi.

Mzee_Malaba: Kweli kabisa. Na kwa vile bado mgeni, usibane pumzi hata kidogo, hewa uliyovuta mita 10 ukifika juu inakuwa mara mbili na mapafu yanapasuka. Panda taratibu, mita 9 kwa dakika isizidi, simama mita 5 kwa dakika tatu hata kama wenzako wanakuharakisha.

Binti_Nakawa: Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimeshaongea na wenzangu, Jumapili hatuingii majini, wa mwisho ni Jumamosi asubuhi na basi linabaki Jumapili jioni. Mafua yasipoisha hadi Ijumaa nabaki ufukweni nawashikia simu. Arua_Boy pole, vidole vilipona kabisa?

Arua_Boy: Vilipona dada, ila kidole kidogo baridi ikiwa kali bado nakisikia.